Bega la Shangazi na Stelingi ya Umeme

Nilikwenda Kilosa kumalizia riwaya. Nilikuwa na kompyuta moja, madaftari matatu, na kiapo nilichojiapia mwenyewe kwamba sitarudi Dar es Salaam bila sura ya mwisho. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ana nyumba Mabwerebwere yenye uwanja mpana na utulivu wa kutosha, tena hana tabia ya kumuuliza mtu anaandika nini.

Siku ya tatu nilikuwa dirishani, kalamu mdomoni, sentensi imegoma, ndipo nilipomwona akitoka kwenda shambani. Alipanda pikipiki yake ya matairi manne, ile ya aina wanayopanda watalii, ambayo watoto wa mtaani wanaiita kaa kwa jinsi inavyochutama na kupanua miguu. Akafika kwenye kona ya uchochoro, akasimama, akashuka, akazunguka mbele, akalipiga teke tairi la kulia. Moja, mbili, tatu. Tairi likageuka kidogo kidogo kuelekea barabarani. Akapanda tena, akakata kona, akaenda zake Masanze kana kwamba hivyo ndivyo watu wote duniani wanavyokata kona.

Jioni nilimuuliza.

"Bega," alisema, akiendelea kuchambua mchicha. "Mkono wa kulia haupandi, na ule usukani ni mgumu kama ngamia. Mguu ungali mzima. Nautumia mguu."

Bega lilianza kumuuma msimu wa palizi uliopita. Hospitali walimfundisha zoezi la kutembeza vidole ukutani, kama buibui anayepanda taratibu. Alilifanya kila asubuhi baada ya swala, na ukuta wa chumba chake una mchirizi mwembamba, unaong'aa, mahali vidole vinapopita. Unaanzia usawa wa kiuno na kuishia usawa wa kidevu. Hapo ndipo bega linapokataa.

Mwanawe wa kwanza, binamu yangu anayefanya kazi Dodoma, alikuwa ameliona lile teke wakati wa likizo, na hakulisahau. Alipiga simu nikiwepo, na shangazi akaweka sauti ya nje kwa sababu mkono wa simu ndio ule ule mbovu.

"Mama, nakuja na treni Jumamosi mwisho wa mwezi. Utanipakia, tunakwenda shamba, tunarudi. Ukifika bila kushuka kupiga teke tairi, sisemi tena neno. Ukishindwa, shamba tunampa mtu alilime, na wewe tunakwenda wote Dodoma."

"Dodoma nikafanye nini?"

"Ukapumzike, mama."

Alipokata simu alilirudia lile neno polepole, "ukapumzike," kama mtu aliyesomewa majibu ya maabara. Kisha akainuka kwenda kumwagia maji mche wa mpapai ambao ulikuwa umekwisha mwagiwa.

Shamba lenyewe ni ekari mbili za mpunga na migomba inayofuata kijito, huko Masanze, ndani kidogo ya barabara ya kwenda Mikumi. Hakuna cha ajabu pale. Lakini nimewahi kumsindikiza, nikamwona anavyosimama kwenye tuta la kwanza na kulitazama lote bila haraka, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu anayeangalia mstarini nani hakuchomekea. Bila shamba lile sijui angemtazama nani vile.

Riwaya nikaifunga mchana uliofuata. Nikaanza kutafuta mtandaoni, nikagundua kwamba duniani kuna watu wengi wenye mabega mabovu na pikipiki za matairi manne, na kwamba kimetengenezwa kifaa cha kuwasaidia: mota ndogo ya umeme inayofungwa katikati ya shafti ya usukani, kwenye pikipiki iliyotoka kiwandani bila msaada huo. Mota inahisi mkono wako unataka kwenda wapi, kisha inasukuma upande huo huo.

Nilimweleza shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Inasukuma pamoja nami, au badala yangu?"

"Pamoja nawe."

"Basi ije."

Boksi lilikuja na basi la Mbeya na kushushwa Mikumi, kwa hiyo tukalifuata. Shangazi alisisitiza kwenda nami ingawa hapakuwa na haja. Alivaa hata kitenge cha harusi. Mikumi ni mji wa barabara kuu, malori na chai na harufu ya breki, na nyani wanaotazama ndizi za abiria kwa macho ya watu wanaodai haki yao. Tulipolipata boksi tukakaa kibandani, tukaliweka kiti cha tatu kama mgeni, tukaagiza chai.

Hapo ndipo aliponisimulia pikipiki ile ilivyomfikia. Alikuwa mpishi kwenye kambi moja ya watalii nje kidogo ya hifadhi kwa miaka mingi. Kambi ilipofungwa, wenyewe waliwaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu kimoja ghalani. Wenzake walichagua majokofu, magodoro, seti za vyombo. Yeye alichagua pikipiki iliyokuwa imefunikwa turubai, haiwaki, kiota cha panya ndani ya kiti.

"Walinicheka mpaka wakakaa chini," alisema. "Lakini jokofu ukilipeleka nyumbani linakaa. Mimi nilitaka kitu kinachokwenda."

Alilipapasa boksi, akanywa chai.

Aliyeifufua pikipiki wakati ule ni fundi mmoja wa pale Kilosa, mwenye karakana nyuma ya soko, na ndiye tuliyempelekea boksi. Ni mtu wa makamo, mrefu, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, akazaa, akazeekea hapa. Sisi ni Wasagara. Kwa hiyo yeye ni mtani wetu, na uhusiano wake na shangazi ulikuwa wa matusi matupu.

Mimi, mtoto wa mjini, nilimwamkia kwa adabu. "Shikamoo, fundi."

Akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Shikamoo ya nini? Nani amekufa? Wewe si damu ya huyu bibi? Mtani haniamkii mimi, ananitukana tu. Shikamoo ya Msagara ina mchanga ndani, kama mtama mliowauzia babu zetu walipopita hapa na mizigo."

"Mizigo yenyewe mlikuwa mnaikalia njiani mkilia miguu," alisema shangazi. "Fungua boksi, mbeba mizigo."

"Nifungue boksi au nifungue kaburi? Umri wako huu na pikipiki! Wenzako wako ndani wanahesabu tasbihi."

"Nitakuzika wewe kwanza. Ubani nimeshanunua."

Walikuwa wanaongea hivyo tangu mimi sijazaliwa. Kila tusi lilifika kwa mwenzake na kupokelewa kwa raha, kama mkono unaopokea chumvi mezani.

Kazi ilifanyika uwanjani kwetu, chini ya turubai, siku tatu. Mimi nilipewa cheo cha msoma karatasi, kwa sababu maelekezo yalikuwa ya Kiingereza cha herufi ndogo kama mayai ya chawa, na picha ambazo mtu mwenye nia njema angeweza kuziona kuwa ni figo. Nilijitahidi. Nilisoma kwamba sehemu ya juu na ya chini ya shafti zinakutana ndani ya mota "kama mito miwili."

"Mwandishi," alisema fundi kutoka chini ya pikipiki, miguu tu ikionekana, "acha mashairi. Waya mwekundu unakwenda wapi?"

"Kwenye betri, kupitia fyuzi."

"Umeona? Hata wewe ukitaka unaweza kuongea."

Fundi alivua plastiki za mbele, akang'oa mishikio, akaitoa shafti ya zamani, chuma kirefu kilichokuwa kimekula kutu kama muwa uliosahaulika. Mota yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea, kama sufuria ya uji wa mtoto, na ilikuwa na meno juu na chini ya kuumana na vipande vya shafti mpya. Kipande cha kuishikilia kwenye fremu hakikulingana, kilipungua upana wa kidole, kwa sababu fremu ilikuwa imewahi kuchomelewa huko kambini. Fundi alikata chuma cha trela bovu, akakichonga, akakijaribu, akakichonga tena. Mara nane nilihesabu. Hakupima kwa rula hata mara moja. Alipima kwa kidole gumba na kwa kutazama mbali kidogo, kama mtu anayekumbuka wimbo.

Alhamisi alasiri ilikuwa tayari kujaribiwa. Akainyanyua mbele kwa jeki, matairi yakaning'inia. Akaweka matairi sawa na mishikio sawa, akapiga alama ya chaki, akawasha swichi. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Njoo, bibi. Tumia kidole. Kimoja tu, usije ukaning'olea kazi."

Shangazi aliweka kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mkono ule mbovu, kwenye mshikio. Akasukuma. Mota ikaguna kidogo, sauti ya mtu anayeitika akiwa na chakula mdomoni, na yale matairi mapana yakageuka yote mawili kwenda kushoto, kwa utii kabisa. Akayarudisha kulia. Akayapeleka kushoto tena. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yote mawili yanatikisika, hata lile bovu.

"Hata kugeuza ukurasa wa msahafu ni kazi kuliko hii," alisema mwishowe.

Fundi alikuwa amerudi chini. Alikaa huko muda, nikamsikia akinong'ona na chuma. Alipotoka alikuwa na nati mkononi, akiitazama kwa chuki. Ilikuwa ya bolti moja, ile inayobana mota na shafti ya chini, shafti inayokwenda matairini. Nati iliyokuja na boksi ilikuwa imeliwa meno. Katika makopo yake yote hakuwa na ya saizi ile. Alikuwa ameishikiza bolti kwa vidole tu, bila nati, ili shafti isidondoke; kesho asubuhi maduka yakifunguliwa angepata nyingine sokoni, aje amalizie. Aliishusha jeki, akanawa mikono, na wakati wa kuondoka akasema maneno haya, ambayo nayakumbuka vizuri kwa sababu niliyacheka:

"Wewe bibi wa Kisagara, usiiguse hii mpaka nirudi. Ukiigusa itakutupa kwenye kalavati, na vyura wa Masanze watahama kwa uso wako. Mwandishi, shika ufunguo. Kaa nao. Bibi yako huyu ni mwizi, ukoo mzima tunawajua."

"Nenda, nenda," alisema shangazi. "Ukichelewa kesho naiuza na wewe juu yake."

Nikacheka. Nikauchukua ufunguo, nikautundika jikoni, kwenye msumari wake wa siku zote.

Nilizinduliwa asubuhi na sauti ya injini ikitoka uwanjani. Nililala tena kidogo. Ni sauti nzuri ile, asubuhi, ukiwa hujui kitu.

Fundi alipofika, nati mpya mfukoni, mimi nilikuwa nje napiga mswaki. Alisimama akatazama lile turubai lililobaki na doa la mafuta chini yake.

"Iko wapi?"

"Shangazi ameenda shamba. Nadhani anafanya mazoezi, mtoto wake anakuja kesho."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukihama vile. Utani wote uliondoka usoni pale, na kumbe chini yake alikuwa mtu mwingine kabisa, mtu mkimya, mwenye woga.

"Bolti haina nati," alisema. "Mtikisiko ukiitoa, mishikio itageuka na matairi yatabaki yalivyo. Mpigie."

Alipiga yeye. Shangazi alipokea, na tukasikia injini ikinguruma taratibu. Kupokea simu kwake ni lazima asimame.

"Mbeba mizigo! Umeamka? Mimi niko karibu na reli, inakwenda kama siagi."

"Simama hapo hapo, usiende. Ile bolti ya chini haijakazwa."

Akacheka kicheko kirefu. "Na vyura wangu je? Wamekwisha funga virago?"

"Sitanii, bibi. Shuka."

"Wanyamwezi! Roho inakuuma naendesha vizuri. Ngoja nikuletee ndizi mbichi ukapike ulie." Akakata.

Tukapanda pikipiki ya fundi, mimi nyuma, mdomo wangu bado una dawa ya meno. Nikampigia mimi. Iliita mara nyingi kabla hajapokea.

"Shangazi, ni mimi. Anasema kweli. Bolti haina nati, shuka tafadhali, tunakuja."

"Wewe!" Nilisikia anatabasamu. "Mtoto wa mdogo wangu, umejiunga naye? Amekupa nini? Na wewe kazi yako si kutunga? Hebu mtungie yeye, mimi nina mpunga." Akakata.

Nimeandika vitabu viwili, na watu wazima wamenisimamisha barabarani kuniuliza kama yale niliyoyaandika yalitokea kweli. Asubuhi ile nilikuwa na jambo moja la kweli, fupi, lisilohitaji ufundi wowote, na mtu niliyempenda hakuliamini hata kidogo. Alikuwa na haki. Mmoja wetu alikuwa hajamwambia neno la kweli kwa miaka thelathini kwa sababu ya heshima ya utani, na mwingine hulipwa kwa uongo.

Baada ya mji, njia ya Masanze inashuka, na mwisho wa mteremko kuna kalavati isiyo na kingo, mtaro pande zote mbili. Fundi aliijua, mimi niliijua. Alikuwa anaendesha kwa kasi ambayo sitaki baba yangu aijue. Ghafla akasimamisha pembeni ya barabara, akazima injini.

"Nipe simu," alisema.

Akavua kofia yake ya sufu. Nilishangaa kuona kwamba ana mvi. Akaishika kofia kifuani kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, akasubiri, na shangazi alipopokea hakumwacha aanze.

"Shikamoo, mama."

Upande wa pili injini ilikuwa inanguruma, kisha ikazimwa. Nikasikia ndege wa huko aliko, na upepo kwenye majani.

"Nani amekufa?" shangazi aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, siyo yake.

"Hakuna, mama. Nakuomba ushuke. Nakuomba."

"Nimeshashuka."

Tulimkuta juu ya mteremko, kabla tu barabara haijainama. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, hatua ishirini kutoka kwenye pikipiki yake, akiitazama kama mtu anavyomtazama nyoka ambaye ameshajua kwamba ni nyoka. Kitenge kilikuwa kimelowa umande. Sikuthubutu kumsogelea, kwa sababu nilijua msumari wa jikoni ulikuwa umeandikwa usoni kwangu.

Fundi alipiga magoti, akapenyeza mkono chini ya mota, akautoa. Katikati ya kidole gumba na cha shahada alikuwa ameshika bolti. Hakuivuta kwa nguvu. Ilikuja yenyewe, kama jino la mtoto. Alituonyesha, mmoja baada ya mwingine. Kwa mara ya kwanza nilitamani aseme upumbavu wowote.

Aliirudisha, akaweka nati mpya, akaikaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akaniuliza kama nina rangi ya kucha. Nilikuwa nayo, nyekundu, kwenye mfuko wa sweta. Akapaka mstari mmoja kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma.

"Mstari huu ukikatika, nati imezunguka," alimwambia shangazi. "Utazame kila asubuhi, mama."

"Ahsante, fundi."

"Karibu, mama."

Shangazi aliendelea na safari ya shamba, alishuka ule mteremko polepole, akavuka kalavati, na sisi tukamfuata nyuma kwa mbali. Aliendesha vizuri sana. Lakini ile "ahsante fundi" na "karibu mama" haikunitoka masikioni siku nzima. Jioni fundi alikuja kuangalia waya, akapiga hodi, akakaribishwa, akapewa kiti. Akapewa maji kwenye glasi yenye kisahani. Waliongea habari za mvua. Walikuwa kama watu wawili kwenye chumba cha kusubiri daktari, na mimi nilikaa katikati yao nikiwa na hatia ya msumari wangu, nikiwaza kwamba tumeipata stelingi na tumepoteza kitu ambacho hakiuzwi mtandaoni.

Nilipomwomba shangazi msamaha aliniambia tu, "Mwanangu, ufunguo nimeuchukua mimi. Na maneno aliyasema. Aliyasema wazi kabisa." Akafikiri kidogo. "Tatizo, aliyasema vizuri mno."

Jumamosi binamu yangu alishuka na treni ya umeme, shati limenyooka, begi dogo, uso wa mtu aliyekuja kutimiza jambo gumu. Shangazi alimpokea stesheni, akampakia nyuma. Mimi na fundi tulifuata na pikipiki, yeye macho kwenye matairi ya mbele ya kaa kama mtu anayesoma.

Nitasema tu nilichoona. Kona ya kutokea stesheni aliikata kwa mkono mmoja. Pale relini, njia inapopinda mara mbili, alipinda mara mbili. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wametanda barabarani, akapita kati yao kushoto, kulia, kushoto, kwa upole, kama anayewaomba radhi. Kwenye mteremko binamu yangu alimshika mama yake kiunoni kwa mikono yote miwili, na hakumwachia mpaka shambani. Njia ile yote mguu wa shangazi haukugusa ardhi.

Alisimama kwenye tuta la kwanza, mikono nyuma, akaangalia mpunga wake. Mwanawe alisimama kando yake. Nilidhani atasema kitu kuhusu Dodoma. Alisema, "Kule mwisho pana ndege, mama, wanakula," na shangazi akamwambia, "Basi kawafukuze, umevaa vizuri watakuheshimu." Akaenda, na viatu vyake vya ofisini.

Fundi alikuwa amechutama mbele ya kaa, anatazama mstari mwekundu. Ulikuwa mzima. Shangazi akaja nyuma yake amebeba mkungu mdogo wa ndizi kwa mkono wa kushoto.

"Marahaba," alisema.

Fundi akageuka. "Nini?"

"Ile ya jana. Sikuiitikia. Nimelala nayo, inanikaa kifuani kama muhogo mbichi. Marahaba. Sasa imekwisha. Usiniletee nyingine, ukiniletea naita polisi."

Fundi aliipokea ndizi, akaipima uzito, akaivuta kofia yake mpaka masikioni.

"Ndizi zenyewe hizi?" alisema. "Bibi, hizi si vidole vya babu yako hizi? Wasagara mna ardhi yote hii na kijito, mnaotesha vitu kama hivi mbele za watu?"

"Rudisha."

"Sirudishi. Nazipeleka nyumbani wakazione, wajue nateseka na nani."

Shangazi alikuwa tayari amepanda. Akawasha, taa ya kijani ikawaka, na akamwita mwanawe kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa mpunga, kwamba arudi sasa hivi, kwamba anataka kuwahi kurudi, kwamba huyu mbeba mizigo atembee kwa miguu na mzigo wake kama babu zake. Kisha, bila sababu yoyote, akageuza usukani kushoto mpaka mwisho, na kulia mpaka mwisho, papo hapo aliposimama, kwa mkono ule wa kulia.